Dhana za Msingi za Saikolojia katika Kiswahili cha Likasi: Tahakiki ya Istilahi Sita

1.0 Utangulizi

Utangulizi wa saikolojia ni miongoni mwa masomo ya mwanzo anayokutana nayo kijana wa Likasi anayejiandaa kuwa mwalimu. Somo hilo humkuta katika kitengo cha ualimu cha shule ya sekondari, kisha humrudia katika mwaka wa kwanza wa masomo ya juu. Hulisoma kwa Kifaransa, hulikariri kwa Kifaransa na hulifanyia mtihani kwa Kifaransa. Baada ya hapo huingia darasani, iwe Kikula, Panda au Shituru, akakabiliana na watoto wanaocheza, wanaogombana na wanaofikiri kwa Kiswahili. Hapo ndipo elimu yake inapojaribiwa. Mzazi anapomwuliza kwa nini mtoto wake hashiki masomo, jibu la Kifaransa halitamfaa, na jibu la Kiswahili hakufundishwa.

Haja ya jibu hilo haiwezi tena kuitwa anasa. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Na sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa lugha za taifa nafasi katika ufundishaji. Hata hivyo, njia mbili zilizozoeleka za kulitimiza jambo hilo zina kasoro. Njia ya kwanza ni ya wale wanaodai kwamba Kiswahili hakina dhana za kisaikolojia, kwa hiyo Kifaransa kiachwe mahali pake. Njia ya pili ni ya waunda istilahi, ambao huweka neno la kigeni upande mmoja na neno la Kiswahili upande wa pili, wakaamini kuwa kazi imekwisha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba njia zote mbili zinatokana na kosa moja, yaani kuzichukua dhana za kitabu cha utangulizi kana kwamba ni vitu vilivyokwisha kupimwa na kukubaliwa, ambavyo vinasubiri majina tu. Ukweli ni kwamba kila dhana ya msingi ni dai kuhusu binadamu. Inapotiwa katika lugha nyingine, dai hilo hufichuka na huweza kukosolewa. Istilahi sita zitachunguzwa: tabia, utambuzi, akili, kumbukumbu, mawazo na motisha.

2.0 Tabia

Vitabu vingi vya utangulizi huieleza saikolojia kuwa ni taaluma inayochunguza tabia na michakato ya akili. Sehemu ya kwanza ya maelezo hayo ina historia inayojulikana. Wundt alipofungua maabara yake Leipzig mwaka 1879, alichotaka kuchunguza ni yale yanayopita katika fahamu ya mtu. Mwaka 1913 Watson aliipinga shabaha hiyo, akasisitiza kwamba sayansi ichunguze tu yale yanayoweza kuonwa na kila mtazamaji. Kwa Watson, panya anayekimbia na mtoto anayelia ni mamoja: kuna kichocheo na kuna mwitikio. Hakuna lawama wala sifa ndani yake.

Neno tabia halina ubaridi huo. Kwa Mswahili yeyote, awe wa Likasi au wa Unguja, kusema kwamba mtu hana tabia ni kumshutumu. Tabia hupimwa kwa wema na ubaya, huhesabiwa kuwa ya kudumu, na huhusishwa na malezi aliyoyapata mtu kwao. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba saikolojia inachunguza tabia huelewa, na ana haki ya kuelewa, kwamba saikolojia ni elimu ya adabu. Baadaye akiitwa kumshauri mtoto anayetoroka shule, hatauliza ni mazingira gani yanayouchochea utoro huo, atamhubiria.

Kuna wanaopendekeza mwenendo badala ya tabia. Neno hili lina nafuu, kwa kuwa linatokana na kwenda na hivyo linaelekeza jicho kwenye jambo linaloonekana. Lakini nalo halijaepuka kabisa mizani ya maadili. Pengine funzo kubwa zaidi ni kwamba hata neno la kigeni lilinyang'anywa uzito wake wa maadili kwa makusudi, na kwamba kitendo hicho kilikuwa uamuzi wa kinadharia. Mwalimu anayeueleza uamuzi huo waziwazi atakuwa amefundisha saikolojia kuliko yule anayetoa fasili ikakaririwa.

3.0 Utambuzi

Sura zinazofuata katika vitabu hivyo hutenganisha hatua mbili. Kwanza viungo vya hisi hupokea mwanga, sauti au joto. Pili ubongo huzipa taarifa hizo maana. Hatua ya kwanza huitwa hisi katika maandishi ya Kiswahili, na ya pili huitwa utambuzi. Tatizo la mara moja ni kwamba utambuzi limebebeshwa mizigo mingi. Waandishi wengine hulitumia kwa shughuli zote za akili, ikiwa ni pamoja na kufikiri na kukumbuka, na wanaisimu wana isimu utambuzi yao. Neno linalotaja sehemu na jumla kwa wakati mmoja haliwezi kumsaidia mwanafunzi kuzitofautisha.

Lakini tatizo la kuvutia zaidi liko katika kitenzi kusikia. Katika Kiswahili mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa na husikia uchungu. Mjini Likasi husikia pia lugha, yaani huielewa: anayeulizwa kama anasikia Kifaransa haulizwi habari ya masikio yake. Kitenzi kimoja kinapita kutoka kwenye ngozi hadi kwenye maana bila kusimama mpakani. Je, huu ni upungufu wa lugha?

Utafiti hauungi mkono haraka ya kusema ndiyo. Segall, Campbell na Herskovits walichapisha mwaka 1966 matokeo ya uchunguzi wao juu ya michoro inayodanganya macho, ukiwemo ule wa mistari miwili iliyo sawa ambayo huonekana kutofautiana kwa sababu ya mikia iliyochorwa kwenye ncha zake. Watu wa Ulaya na Marekani walidanganyika zaidi kuliko wengi wa Waafrika waliochunguzwa. Kama kuona kwenyewe kunategemea mazingira aliyokulia mtu, basi mpaka kati ya kupokea na kuelewa si imara kama unavyochorwa ubaoni. Lugha inayotumia kusikia kwa yote mawili haijakosea. Imeliacha wazi swali ambalo kitabu kimelifunga mapema.

4.0 Akili

Dhana ya akili inastahili nafasi kubwa, kwa kuwa katika Katanga haikubaki kitabuni. Mwaka 1905 Binet na Simon walitunga kipimo chao huko Paris kwa shabaha ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada maalumu shuleni. Binet hakudai kwamba tarakimu iliyopatikana ni kiini cha mtoto kisichobadilika. Hata hivyo vipimo vilisafiri, na vilipofika Kongo ya Wabelgiji vilikuta mwajiri mwenye shauku navyo. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa na kituo chake cha saikolojia na pedagojia mjini Elisabethville, Lubumbashi ya sasa. Likasi nayo, iliyoitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ilikuwa mji wa kampuni hiyo, na viwanda vya Shituru na Panda ndivyo vilivyokuwa riziki yake. Swali la nani ana akili ya kutosha kwa kazi gani lilikuwa swali la mshahara na la kesho ya familia.

Kwa bahati, baadhi ya watafiti wa wakati huo walikuwa waangalifu kuliko waajiri wao. Ombredane na wenzake, waliotumia jaribio la Raven la kukamilisha michoro, waliwapa watu wale wale jaribio lile lile zaidi ya mara moja, na matokeo yao ya mwaka 1956 yalionyesha kwamba alama hupanda kadiri mtu anavyolizoea. Mwaka 1959 Laroche alichapisha uchunguzi wa aina hiyo uliohusu watoto wa Katanga. Maana ya matokeo hayo ni nzito. Alama ya siku ya kwanza haikupima uwezo peke yake. Ilipima pia ugeni wa karatasi, wa picha na wa mtu aliyeketi mbele akishika saa. Aliyepimwa mara moja na kuwekwa katika fungu lake alihukumiwa kwa ugeni huo.

Sasa turejee kwenye neno. Akili katika Kiswahili ni busara, ni fahamu, ni werevu na ni utimamu, maana mgonjwa wa akili hutajwa kwa neno hilo hilo. Methali husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na nyingine huonya kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Mjini Likasi kuna pia mayele, neno lililozoeleka kwa maana ya ujanja na ustadi wa kujipatia maisha. Mtu aweza kuwa na mayele bila kuwa na akili, na wazee hawachelewi kuonyesha tofauti hiyo. Kigezo chao si wepesi wa kujibu. Ni uwezo wa kuishi na watu.

Kwamba jambo hili si la Likasi pekee kunathibitishwa na tafiti za majirani. Nchini Uganda, Wober alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba wanavijiji wa Kiganda walihusisha akili na utulivu na uangalifu kuliko na kasi. Nchini Zambia, Serpell alieleza jinsi neno nzelu la Wachewa linavyokusanya werevu na uaminifu wa kubeba jukumu. Mwaka 2001 Sternberg, Grigorenko na wenzao walichapisha utafiti juu ya Waluo wa Kenya wenye dhana nne, yaani rieko, luoro, paro na winjo. Kati ya hizo ni rieko, yaani maarifa na ustadi, iliyohusiana na mafanikio ya masomo ya shuleni. Heshima na busara ya kuishi na watu zilibaki nje ya daftari la alama.

Jaribio jingine la Serpell, lililochapishwa mwaka 1979, lingefaa kufundishwa katika kila darasa la ualimu la Haut-Katanga. Watoto wa Lusaka na wa Manchester waliombwa kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya watoto wa Zambia waliwashinda. Na kwa udongo wa kufinyanga, ambao wote waliuzoea, hawakutofautiana. Mwanachuo wa Likasi aliyewahi kutengeneza gari la waya utotoni haelezwi zaidi. Anatambua papo hapo kwamba kipimo huchagua mshindi kabla mashindano hayajaanza. Hivyo basi, kuandika akili katika safu ya istilahi bila kueleza ni akili ipi, iliyopimwa kwa chombo gani na kwa faida ya nani, ni kurudia kwa Kiswahili kosa lililotendwa kwa Kifaransa.

5.0 Kumbukumbu

Kumbukumbu ina bahati ya kueleweka na kila mtu, na pengine bahati hiyo ndiyo mtego wake. Katika ofisi kumbukumbu ni karatasi za kikao zilizohifadhiwa katika faili. Picha hiyo ya ghala inapatana mno na sura ya kitabu, ambapo taarifa huingizwa, huwekwa na hutolewa. Inapatana pia na majaribio ya Ebbinghaus ya mwaka 1885, ambaye alijikaririsha silabi zisizo na maana ili apime kasi ya kusahau.

Bartlett aliipinga picha hiyo mwaka 1932. Kwake kukumbuka ni kujenga upya kwa kutumia yale ambayo jamii imemzoeza mtu kuyajali. Mojawapo ya mifano yake ni mchungaji wa Kiswazi aliyeweza kueleza, mwaka mmoja baadaye, rangi na bei za ng'ombe walionunuliwa, ilhali hakuwa na sababu ya kuziandika. Aliyezijali ng'ombe alikumbuka ng'ombe.

Katanga ina neno linalomsogelea Bartlett kuliko Ebbinghaus. Neno hilo ni ukumbusho. Wachoraji wa mijini, ambao kati yao Tshibumba Kanda Matulu ndiye aliyefahamika zaidi ng'ambo kwa sababu ya mazungumzo yake na Johannes Fabian ya mwaka 1973 na 1974, waliziita hivyo baadhi ya picha walizowauzia watu wa kawaida. Picha ya askari akisimamia mfungwa anayechapwa viboko ilitundikwa sebuleni, na haikutundikwa ili ipendeze macho. Ilitundikwa ili imchokoze anayeitazama aanze kusimulia. Ukumbusho si ghala. Ni kitu kinachotenda juu ya mtu, na hutenda mbele ya watu wengine.

Tofauti hii ina uzito wa pekee mjini Likasi. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa Katanga, walifukuzwa makwao. Katika stesheni ya reli ya Likasi familia nzima zilikaa zikisubiri treni, na wapo waliofia hapo. Waliosalia mjini, waliorudi na waliotazama wanaishi mitaa ile ile. Mtaalamu anayekuja na fomu yenye swali kuhusu uwezo wa kumbukumbu atapata jibu la ghala: tarehe, idadi, jina. Anayeuliza ni kitu gani kinachowakumbusha, na mbele ya nani, ataambiwa habari za filimbi ya treni, za jengo, za jirani. Uchaguzi kati ya kumbukumbu na ukumbusho ni uchaguzi wa nini kitasikika.

6.0 Mawazo

Kitabu cha utangulizi huweka fikra katika sura moja na hisia katika sura nyingine. Kiswahili cha Katanga kina neno linalokataa mgawanyo huo. Mawazo ni fikra, ni nia na ni mahangaiko. Anayesema kwamba ana mawazo hajisifu kwamba anafikiri, anaomba kusaidiwa. Katika Jamaa, harakati ya Kikatoliki iliyoanzishwa na Placide Tempels huko Kolwezi katika miaka ya 1950, mawazo lilikuwa neno la msingi la mafundisho, sambamba na uzima, uzazi na mapendo. Fabian, aliyeichunguza harakati hiyo katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba wafuasi wake, wengi wao wafanyakazi wa migodi, walilijengea neno hilo nadharia nzima ya mtu na mwenzake. Hapa hoja ya kwamba Kiswahili hakina dhana za kisaikolojia inaanguka yenyewe.

Ni kweli kwamba Tempels anastahili kukosolewa, na amekosolewa. Kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu kiliwasemea watu wote wa bara kubwa kwa sauti ya padri mmoja. Kwa hiyo mawazo lisichukuliwe kuwa siri ya Kibantu iliyotunzwa tangu zamani. Ni neno la mjini, lililokuzwa kambini na kanisani, na nguvu yake ni kwamba linatumika.

Matumizi hayo yana faida ya kitabibu. Kiswahili sanifu kimelipa huzuni inayogeuka ugonjwa jina la sonona. Ni neno zuri, lakini mtaani Likasi halimtoi mtu nyumbani kwenda hospitali, na maneno ugonjwa wa akili humfungia ndani kwa aibu. Mgonjwa mwenyewe husema ana mawazo mengi. Nchini Zimbabwe Washona wana kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na mwongozo wa magonjwa ya akili wa Wamarekani uliotolewa mwaka 2013 umeliorodhesha neno hilo kati ya njia ambazo jamii mbalimbali huelezea mateso ya nafsi. Hakuna sababu ya mawazo kubaki nje ya mlango wa kliniki wakati jirani yake ameingia. Sharti ni moja: mwulizaji asidhani kwamba kila mwenye mawazo ana sonona. Mshahara usiolipwa huleta mawazo, na dawa yake ni mshahara.

7.0 Motisha

Istilahi ya mwisho inaweza kuelezwa kwa ufupi, ingawa ndiyo inayomchekesha mwanachuo zaidi. Kitabu kinafundisha kwamba motisha ni nguvu ya ndani inayomsukuma mtu kutenda. Lakini katika matumizi ya kila siku ya Kiswahili cha Afrika Mashariki motisha ni posho au zawadi. Na katika shule za Kongo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu ipasavyo, neno la Kifaransa lenye maana hiyo liligeuka kuwa jina la fedha walizochanga wazazi ili masomo yaendelee. Mtoto ambaye wazazi wake hawakulipa alirudishwa nyumbani. Mchango huo uliondolewa rasmi katika shule za msingi za umma kuanzia mwaka wa masomo wa 2019, lakini maana ya neno haikuondolewa kwa tangazo.

Mwaka 1971 Deci alionyesha kwa majaribio kwamba malipo yanaweza kupunguza hamu ya mtu kwa kazi aliyokuwa akiipenda bila malipo. Mwanachuo wa Likasi anayesoma matokeo hayo anayo mizani yake mwenyewe: amefundishwa na watu waliofundisha kwa hamu bila mshahara, na amewaona pia wakichoka. Hamu na msukumo ni maneno yanayofaa kwa nguvu ya ndani. Motisha liachiwe malipo. Hapa, tofauti na kwingine, kutenganisha maneno mawili ni kutenganisha mambo mawili.

8.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba tabia hubeba maadili ambayo nadharia iliyatupa; kwamba kusikia kunaunganisha kilichotenganishwa haraka; kwamba akili iligeuzwa kipimo katika mji wa kampuni; kwamba ukumbusho hupinga picha ya ghala; kwamba mawazo huvuka ukuta kati ya fikra na hisia; na kwamba motisha ilikwisha kupewa bei. Hakuna hata moja kati ya haya linaloweza kuonekana katika orodha yenye safu mbili.

Kinachohitajika ni kamusi ya aina nyingine, ambayo kila kidahizo chake kitaeleza dhana ilizaliwa wapi, ilipimwa kwa nani, na neno la Kiswahili linalopendekezwa linaongeza au linapunguza nini. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilionyesha mwaka 1990, kwa kamusi zake sanifu za isimu na za sayansi asilia, kwamba kazi ya istilahi inawezekana. Lakini elimu ya nafsi haiwezi kuagizwa yote kutoka pwani, kama ambavyo haikupaswa kuagizwa yote kutoka Ulaya. Wanachuo wa Likasi wanaokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha wanaweza kuanza kwa daftari tupu, wakaandika jinsi wazazi, wauguzi na watoto wanavyozungumza juu ya akili, juu ya mawazo na juu ya kusahau. Daftari hilo likijaa, mzazi wa Kikula atakayeuliza habari za mtoto wake atapata jibu kwa lugha aliyoulizia.